Yowe Nililompigia Kaleb

Tuliachana tukiwa makaburini, na Kaleb akiwa amelala ndani ya kaburi la mkwe wangu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana nitasema kwa ufupi. Mwaka wa sabini na nne mvua ilitukimbia kule Mazingara. Halafu likaja agizo la kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, na paa la nyumba yetu likaezuliwa na vijana waliokuwa wakituomba radhi huku wanaezua. Mwanangu Mhina, mkewe Hajira, mjukuu wangu Fatu na mimi tukashuka Korogwe kwa miguu, kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya mto. Hajira alikuwa mjamzito. Alijifungua kambini mtoto aliyekwisha kufa, na siku ya tatu akamfuata mwanawe.

Kaleb alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, mkata mkonge mwenzake Mhina. Mnajua kwamba Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Siku ya maziko aliingia kaburini kabla ya maiti kufika, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka Wazigua wamlipe kuku.

"Hamna kuku? Basi nizikeni mimi, huyu mama arudi akapike!"

Watu walicheka na machozi yanawatoka. Hata Mhina, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafumbua mdomo, alicheka. Kaleb akatoka mwenyewe bila kuku, na wakati wa kufukia akashika jembe na hakumwachia mtu mpaka mwisho. Mikono ilimchubuka. Alisema mfiwa hafukii mke wake wakati watani wapo.

Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu leo nawaambia nilivyomlipa.

Baada ya maziko posho haikutolewa wiki tatu. Mwinjuma, nyapara mkuu, alipanda juu ya toroli akatutangazia kwamba lori la unga halijafika. Wanaume waliendelea kukata mkonge kwa matumbo matupu. Sisi wanawake tulichuma mchunga, tukauchemsha, tukaula bila ugali. Mlimani kwa bwana meneja moshi wa jikoni ulinukia samli, na mpishi wake alikuwa akipita na sufuria ya ugali wa maziwa kwenda kwa mbwa. Tulikuwa tunasimama kuitazama ile sufuria ikipita. Shamba, tuliambiwa, lilikuwa letu sote.

Fatu alikuwa na miaka mitano. Nywele zake ziligeuka nyekundu, miguu ikavimba. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, na mganga wa pale, kijana mpole, alimbonyeza mguu na shimo la kidole likabaki.

"Bibi, huyu mtoto haumwi," aliniambia. "Ana njaa. Apate uji kila siku, asubuhi na jioni. Akiukosa siku tatu nyingine, usijichoshe kumleta."

Siku ile ile nilikwenda Manundu, mjini Korogwe, kuuza kanga yangu ya mwisho nzuri. Leela, mke wa Ratilal mwenye duka, alimtazama Fatu, akaingia ndani, akatoka na sukari aliyoifunga kwenye kipande cha gazeti. Sukari yenyewe ilikuwa haionekani mji mzima. Kanga yangu akaikataa.

"Vaa mwenyewe, mama. Jua kali."

Basi sukari nilikuwa nayo. Unga sikuwa nao.

Jumapili alfajiri Mhina alirudi na mfuko wa kitambaa, umejaa unga wa njano. Alikuwa na vumbi la unga mpaka kwenye kope.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Nimefanya kibarua, mama. Mpikie Fatu. Usimpe mtu, usimwambie mtu."

Sikuuliza tena. Nilitia mfuko na kila kitu ndani ya debe, nikasukuma debe chini ya kitanda. Jumatatu Fatu alikunywa uji, akatapika. Jumanne alikunywa, ukakaa. Jumatano asubuhi akaniambia, "Bibi, niongeze." Mimi niliyezaa watoto saba, hakuna neno lililowahi kunifurahisha kama hilo.

Jumatano hiyo hiyo, saa sita mchana, Kaleb akaja.

"Hodi, mke wangu!"

"Mume gani huyo asiye na hata kilemba?" nilimjibu kutoka jikoni. "Karibu, mpagazi."

"Leo sikuja kukaa. Nimekuja kuteka. Wazigua ni mateka wetu tangu enzi za misafara."

"Nyinyi mliteka nini? Mlikuwa mnabeba pembe za watu mpaka mnaota vibyongo!"

Majirani waliokuwa wamekaa vizingitini walianza kucheka. Kaleb naye alicheka, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa njiani, ambako Abdi, mgambo wa kambi, alikuwa akitembea polepole na rungu lake, akitazama milango. Nilimwona Kaleb akimtazama Abdi. Niliona, sikufikiri.

Akaingia ndani kama upepo. Nikamfuata. Akainama, akaliburura debe kutoka chini ya kitanda, akalitwika kichwani.

"Kaleb, weka chini."

"Siweki. Mali ya mtani ni halali yangu."

"Weka chini, baba. Leo sina utani."

Akanishika kifundo cha mkono, akanibana sana. "Cheka, bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Cheka kwa nguvu, watu wakusikie. Nakuomba."

Kisha akatoka nje kwa madaha, debe kichwani, akiimba kwamba amemteka bibi wa Kizigua na sasa anakwenda na mahari yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Abdi mwenyewe alisimama akatabasamu, akampisha njia. Kaleb akampita. Mbele yake palikuwa na hatua kama thelathini tu kufika kwenye mkonge.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye dhambi yangu.

Kwetu mtani akichukua kitu chako, unamkomboa kwa maneno, au unampa kikombe cha maji, na jioni anakirudisha. Nililijua hilo tangu sijaota meno. Nilimjua Kaleb. Sikudhani hata kidogo kuwa ni mwizi. Lakini nilimwazia Fatu akiamka na kuomba uji. Nikafikiri, Kaleb naye ana njaa, na je, njaa ikimshinda huko njiani? Nikafikiri, nikimwita kwa upole atazidi kutania na kuondoka. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Nikajishika kichwa kwa mikono miwili, nikapiga yowe.

"Mwizi! Mwizi! Anachukua unga wangu!"

Kama ningepiga kelele nyingine yoyote, watu wangecheka. Kama ningesema mwizi wa kuku, wangecheka. Nilisema unga.

Wakata mkonge walikuwa mapumzikoni, wamelala vivulini pembeni mwa kambi. Waliinuka wote kwa pamoja. Wengi wao walikuwa wageni kama sisi, wametoka Handeni mwezi ule ule, hawamjui Kaleb wala mzaha wake. Walikuja na walichokuwa nacho: fito za kupimia mkonge, mawe, kamba zenye mafundo.

Jiwe la kwanza lilipiga debe. Debe likaanguka, unga wa njano ukamwagika juu ya mchanga.

Kaleb aligeuka akiwa bado anacheka. "Jamani, huyu bibi ni mtani wangu! Bibi, waambie!"

Fito ikampiga mdomoni. Meno yalitoka pamoja na kile kicheko.

"Mwacheni!" nilipiga kelele. "Ni utani! Mwacheni!"

Nani anisikie? Nilimvuta mmoja shati, akanisukuma kwa kiwiko bila hata kugeuka. Kaleb alianguka magoti. Akainuka. Akaangushwa tena, na safari hii wakamkanyaga. Nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia usingizini naamka. Wengine walikuwa wanapiga, wengine wamepiga magoti wanazoa unga na mchanga na kuutia mdomoni. Na mmoja, kijana mwenye shati la kijani, alikuwa akifanya yote mawili. Anapiga, anainama, anatafuna, anainuka anapiga.

Unga wa Fatu uliisha mbele ya macho yangu hata kabla mtu hajachoka kupiga.

Aliyewazuia ni Efrazia. Mama huyu alikuwa Msambaa wa Vugiri, mfagiaji wa stoo ya shamba, mwili mkubwa na sauti ndogo. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya miguu ya watu, akajilaza juu ya kichwa cha Kaleb kama kuku aliyelalia mayai.

"Haya," alisema. "Nipigeni na mimi."

Walimpiga mara mbili kabla hawajajua kuwa ni mwanamke. Halafu wakaacha.

Kaleb alikuwa hai. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na mkono wa kushoto ulikuwa umelala vibaya, umeelekea upande ambao mkono hauelekei. Efrazia alichana upindo wa kanga yake akaanza kumfuta damu puani ili apate pumzi.

Ndipo Mwinjuma alipofika. Kumbukeni niliwaeleza habari zake wiki jana: Mzigua mwenzetu, suti ya Kaunda, bakora mkononi. Ndiye aliyemwandika Mhina kazi bila kumdai hata yai, kwa kuwa mama yake alitoka Mazingara.

Aliniona, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nilijibu. Damu ilikuwa inatambaa kati yake na mimi, na bado tuliamkiana.

"Nani amepiga yowe?"

"Mimi."

"Unga ni wako?"

"Ni wangu."

Mwinjuma akautia ncha ya bakora ule mfuko mtupu, akauinua juu kila mtu auone. Ubavuni palikuwa na alama ya buluu. Sikuwa nimeitilia maanani, alama ni alama.

"Bibi Chausiku, mfuko huu ni wa stoo," alisema kwa upole. "Magunia sita ya posho yameibwa. Nimewatafuta wezi siku tatu, kumbe wewe mwenyewe utatuita." Akawageukia watu. "Jamani, lori lilifika. Posho yenu ilikuwepo. Ilikuwa kwa huyu bibi, chini ya kitanda."

Umati ulinigeukia. Nyuso zile, na unga umeganda kwenye midomo.

Kaleb akasema kitu. Hakuna aliyesikia. Akajikokota, akatema damu, akasema tena.

"Wangu."

"Nini?" Mwinjuma aliinama.

"Unga wangu mimi. Nilimwachia bibi anifichie. Yeye hajui kitu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyevunja stoo?"

"Mimi."

Akanitazama kwa jicho lake moja. Hakuwa ananilaumu. Heri angenilaumu.

Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: si kweli. Lakini nikisema hivyo, wanauliza aliyeuleta ni nani, na jibu ni Mhina. Mhina akichukuliwa, Fatu anabaki na nani? Na mimi na umri huu, nani atanipa kazi? Nikazipima nafsi mbili pale pale nimesimama, moja ya damu yangu na moja ya mtani, nikanyamaza.

Mwinjuma akamfanyia Abdi ishara kwa kidevu. Abdi aliinua rungu, akamvunja Kaleb goti. Ulikuwa mlio mdogo tu. Mkata mkonge asiye na goti si mkata mkonge tena, na watu wote walilijua hilo, maana safari hii hakuna aliyeshangilia.

Mwinjuma alinisogelea sikioni. "Umefanya vizuri kunyamaza, bibi. Mwambie na Mhina anyamaze vivyo hivyo."

Nikajiuliza: huyu amejuaje kuwa Mhina ana la kusema? Na nani alimwambia kuwa unga ulikuwa chini ya kitanda?

Sikupata muda wa kuendelea. Mhina alitokea kwenye mkonge, anakimbia, kisu cha kazi mkononi. Aliona mduara, akaona miguu ya Kaleb, akapunguza mwendo kama mtu anayeingia majini.

"Nani amemfanya hivi?"

Watu walirudi nyuma hatua moja.

"Nauliza, nani?"

Efrazia hakuinua kichwa. "Muulize mama yako."

"Mama?"

"Nilipiga yowe, mwanangu. Alichukua debe."

Mhina alifumba macho. "Nilimtuma mimi, mama."

"Ulimtuma?"

"Tulisikia kule tunakokata kuwa Abdi ametumwa akapekue nyumba moja tu, ya kwetu. Mimi ningekuja ningeonekana natoa kitu. Nikamwambia Kaleb, wewe nenda ukateke debe kwa utani, hakuna atakayekuuliza. Akasema, bibi ataelewa. Bibi ni mtu wa kuelewa."

Mhina hakungoja. Aliwageukia watu.

"Magunia sita tuliyapakia sisi, mimi na Kaleb. Jumapili alfajiri, kwenye lori. Tulidhani ni amri ya kazi. Aliyetuamuru ni huyu, na mfuko ule ndio ujira aliotupa kwa mkono wake."

"Muongo!" Mwinjuma alicheka. "Msameheni. Kufiwa kumemharibu akili. Lori gani? Nani aliliona lori?"

"Mimi niliufagia unga," alisema Efrazia, bado anafuta damu. "Ulimwagika kutoka mlango wa stoo mpaka barabarani, na alama za magurudumu juu yake. Nikakuuliza, bwana nyapara. Ukaniambia ni panya."

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Panya wenye magurudumu!"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya. Kilipokatika tu, jiwe likaruka.

Lilimpata Mwinjuma kwenye jicho. La pili likampata kifuani. Alimtafuta Abdi kwa mikono, kama kipofu, na Abdi akarudi nyuma, akaanza kuvua shati lake la mgambo kifungo kimoja kimoja, na alipolivua akalitupa chini na kuokota fito. Yule kijana wa shati la kijani alikuwa wa mbele kabisa. Bakora ya nyapara ilivunjwa mgongoni mwa nyapara mwenyewe. Nilimwona akitambaa, akainuka, akaponyoka kati ya watu wawili waliogombana nani apige kwanza, akakimbilia mlango uliokuwa karibu kuliko yote.

Mlango wa nyumba yangu. Komeo likaanguka kwa ndani.

Fatu alikuwa amelala mle.

"Mtoto!" nilipiga kelele. "Mjukuu wangu yumo!"

Nilifika mlangoni kabla ya Mhina. Kwa ndani nilimsikia Mwinjuma anahema kama ng'ombe aliyechinjwa nusu.

"Bibi, waambie warudi nyuma. Nimempakata mtoto. Atakayevunja mlango atakutana na mtoto kwanza."

"Mwinjuma, baba," nilisema, mdomo wangu kwenye ufa wa mbao. "Mama yako na mimi tumechota maji kisima kimoja. Nipe mtoto."

"Nikifungua wataniua."

"Nitasimama mbele yako. Mimi ni mzee, hawatanipita."

"Walimpita mama Efrazia." Alikuwa analia. "Bibi, sikuuza peke yangu. Lori lilipita kwa bwana meneja kwanza. Magunia mawili yalishushwa kwake. Mimi nilibaki na moja, bibi. Moja tu, nina watoto wanane."

"Najua, baba. Fatu anasemaje?"

Halafu sauti ya Fatu, nyembamba. "Bibi, huyu mjomba ananidondoshea damu."

Mhina aliinua kisu. Nikamshika mkono. Tulikuwa tunavutana hivyo, mama na mwana, niliposikia watu nyuma yetu wakisema "Tokeni hapo!" na kitu chenye joto kikapita juu ya kichwa changu.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi, na mwaka ule nyasi zilikuwa kavu kama ubani. Kitita cha makuti yanayowaka kilitua juu ya paa. Ni Abdi aliyekirusha. Alitaka watu wasahau lile goti.

Paa lilishika mara moja.

Hapo umati ulivunjika moyo. Waliokuja kuua walianza kupiga kelele za maji. Maji yalikuwa mtoni. Mzee mmoja, ambaye sijapata kumjua jina, alikivua kibuyu chake begani akamwaga maji yake ya kunywa mlangoni, yote mpaka tone la mwisho. Vijana wawili wakaanza kuvuta nyasi kwa mikono mitupu, na mmoja wao alikuwa yule wa shati la kijani. Mhina alikata bawaba za mlango kwa kisu, pigo kwa pigo, mpaka mlango ukaanguka ndani na moshi ukatapika nje. Akaingia. Nikahesabu pumzi zangu. Akatoka, nywele zinafuka moshi, mikono mitupu.

"Hawamo."

"Hawamo vipi?"

"Ukuta wa nyuma ameubomoa. Hawamo."

Alizunguka nyumba akatazama mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mtu akapiga kelele kwamba ameona majani yakitikisika upande wa mto. Basi wote wakaenda upande ule, Mhina mbele, na fito, na mawe, na kisu. Kambi ikabaki tupu. Paa liliporomoka nyuma yangu wala sikugeuka kulitazama.

"Bibi." Ilikuwa sauti ya Efrazia. "Njoo. Kaleb anakuita."

Nilipiga magoti kwenye ule mchanga wenye unga. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Efrazia.

"Amekwenda upande gani, Mwinjuma?" aliniuliza.

"Mtoni. Amemchukua Fatu."

Alitikisa kichwa kidogo. "Haendi mtoni. Ninajua anakokwenda." Akavuta pumzi, ikachelewa kurudi. "Kwanza niambie kweli. Ulijua ni mimi natania?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu anayekufa hawezi kukukagua.

"Nilijua, Kaleb. Tangu ulipoinama kitandani nilijua."

Efrazia alinitazama, akatazama pembeni. Kisha midomo ya Kaleb iliyopasuka ikasogea.

"Korona," alisema. "Nyuma ya korona kuna gari lake."

Kwa wasiojua, korona ni mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi za kusokotea kamba. Hata mkono wa mtu ukishikwa haiurudishi. Iko upande wa mlimani, kinyume kabisa na mto.

Nilisimama. Nikafungua kinywa nimwite Mhina, nikakifunga. Nikipiga yowe watarudi wote, na huyu mtu amempakata mjukuu wangu. Nilikwisha kuona wanavyopiga. Hawaangalii nani yuko mikononi mwa nani.

"Nenda, bibi," Efrazia alisema. "Huyu mimi nitakaa naye."

Nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda peke yangu, kwa miguu hii ya kizee, katikati ya mistari ya mkonge, miiba ikinichana mikono. Niliita, "Fatu," si kwa nguvu, kama ninavyomwamsha asubuhi. Hakuitika.

Nilipofika nusu ya njia nikasikia korona ikiwashwa.

Nilisimama kusikiliza. Wakata mkonge wote walikuwa mtoni. Tangu saa sita hapakuwa na toroli hata moja iliyopeleka majani.